Usiku Mmoja Hemani, Mwisho wa Barabara ya Flatbush

Juma hili naomba niwachukue mbali kidogo na nyumbani, hadi ukingoni mwa jiji la New York, mahali ambapo barabara ndefu iitwayo Flatbush Avenue inachoka na kuishia baharini. Kilichonikumbusha huko ni ujumbe nilioupokea Jumanne kutoka kwa mpwa wangu. Huo nitaueleza nikifika mwisho, maana bila yaliyotangulia hauna maana.

Sisi watu wa pwani hatuna mazoea ya kulala hemani kwa kujifurahisha. Kwetu hema ni la wakimbizi, la waliofurikiwa na maji, au la askari walio kazini. Turubai nalo tunalisimamisha uani kwa mambo mawili tu, arusi na msiba, na ukipita njiani ukaliona kwa mbali huwezi kujua ni lipi mpaka usikie kama kuna ngoma au kimya. Kwa hiyo, dada yangu alipoambiwa na mwanawe kwamba anataka kwenda kulala hemani, alicheka hata akakaa kitako. “Yaani nimevuka bahari yote hii,” akaniambia, “nije nimlaze mtoto nje kama mchunga ng’ombe?”

Ilikuwa Juni 2016. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada Brooklyn, mara yangu ya kwanza kufika huko, na mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 13. Baba yake, shemeji yangu, mzaliwa wa Pangani, alikuwa amefariki Februari 2014. Kabla ya kuugua alimwahidi mwanawe kwamba kiangazi kikifika watakwenda kupiga kambi katika hifadhi iliyo ndani ya jiji lenyewe, wavue samaki asubuhi kama alivyokuwa akivua yeye utotoni kwenye mdomo wa mto. Kiangazi kilifika bila yeye. Kikaja cha pili, mtoto hakusema neno. Cha tatu kiliponikuta pale, ndipo alipoleta hoja yake, na dada, baada ya kucheka, alinitazama mimi. Nikajua nimekwisha kupewa kazi.

Mahali penyewe panaitwa Floyd Bennett Field. Ni uwanja wa kwanza wa ndege uliojengwa na jiji la New York, ukafunguliwa mwaka 1931. Zamani pale palikuwa na kisiwa chenye majimatope, Barren Island, ambako mizoga ya farasi wa jiji ilipelekwa kuchemshwa ipate kuwa mbolea na gundi. Harufu yake, nasikia, ilifika mbali sana. Walikuwapo watu walioishi huko na viwanda hivyo, wakawa na shule na makanisa yao, hadi walipoondolewa mwaka 1936 ili nafasi yao itumiwe kwa mambo mengine. Mchanga ulivutwa kutoka chini ya ghuba ya Jamaica Bay, kisiwa kikaunganishwa na nchi kavu, njia za ndege zikamwagwa zege. Jeshi la majini liliutumia uwanja huo kuanzia mwaka 1941 hadi 1971, na mwaka 1972 ukaingizwa katika hifadhi ya taifa iitwayo Gateway. Ndivyo ilivyotokea kwamba ndani ya jiji la watu zaidi ya milioni 8 kuna uwanda mkubwa wa nyasi na misonobari, umezungukwa na maji, na siku zile mtu aliruhusiwa kulala humo kwa kulipia.

Tulikwenda Jumamosi, tarehe 18. Hema tuliazimwa na jirani wa ghorofa ya chini, mtu wa Trinidad, ambaye alitueleza namna ya kulisimamisha kwa maneno mengi na sisi tukaitikia kwa heshima bila kuelewa. Tulipanda gari moshi la chini ya ardhi hadi kituo chake cha mwisho, kisha basi. Ndani ya basi hilo mlikuwa na vijana wenye taulo wakielekea ufukweni ng’ambo ya daraja, nasi na sufuria, makaa, unga wa ugali, na ndoo. Mama mmoja alituuliza kama tunahama.

Nitapita haraka juu ya habari ya kusimamisha hema. Itoshe kusema kwamba fito zilikuwa nyingi kuliko matundu, na kwamba mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa jirani yetu, ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja naye hata neno moja, alitutazama kwa dakika kama ishirini, akainuka, akalivua lote, akalisimamisha upya peke yake, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Mpwa wangu alimpelekea machungwa mawili.

Alasiri ile tulitembea juu ya njia za zamani za ndege. Nyasi zimeota katika nyufa za zege, na watoto wanaendesha baiskeli pale walipotua marubani waliotikisa dunia. Mwaka 1933 Wiley Post alianzia na kumalizia hapo safari ya kuizunguka dunia akiwa peke yake, mtu wa kwanza kufanya hivyo, kwa muda wa siku saba na saa kadhaa. Lakini mpwa wangu alimpenda zaidi Douglas Corrigan, na alinisimulia habari zake kwa Kiingereza, haraka haraka, mikono ikipaa. Huyu Corrigan alikuwa na ndege mbovu aliyoitengeneza mwenyewe. Aliomba mara nyingi kibali cha kuvuka Bahari ya Atlantiki, akanyimwa. Julai 1938 akaruka kutoka uwanja huo akiwa na kibali cha kwenda California, upande wa magharibi. Baada ya saa 28 akatua Ireland. Alipoulizwa, alisema dira ilimdanganya, na alishikilia maneno hayo miaka yote. Adhabu yake ilikuwa kunyang’anywa leseni kwa siku 14, na aliporudi New York alipokewa kwa maandamano ya shangwe.

“He just went, Mjomba,” akaniambia. Alikwenda tu.

Sikumjibu. Huyu mtoto aliletwa Marekani akiwa na miaka minne, na hati za familia yao zilikuwa bado mikononi mwa wakubwa, mwaka baada ya mwaka. Wakili aliwaambia wazi kwamba wakitoka nje ya nchi hawatarudi. Ndiyo sababu shemeji alipofariki, jeneza lilisafiri na rafiki wa familia. Watanzania wa huko walichanga, Mungu awalipe, na mimi ndiye niliyelipokea uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kulifikisha Pangani. Mjane na mtoto walibaki Brooklyn katika chumba cha joto la bomba, na theluji ikianguka dirishani.

Jua la Juni kule linazama saa mbili na nusu usiku, jambo ambalo mwili wangu ulikataa kabisa kulizoea. Kwa hiyo baada ya kula, mwanga ukiwa bado upo, tulivuka barabara kuu tukashuka hadi ufuko wa Dead Horse Bay, yaani Ghuba ya Farasi Mfu. Leo mtu hawezi kwenda huko, kwani mwaka 2020 palifungwa baada ya kugunduliwa vitu vyenye mnururisho ardhini. Siku zile palikuwa wazi. Chini ya ufuko huo mlifukiwa takataka za jiji, na bahari imeifukua hazina yake: chupa maelfu, viatu, vipande vya vyombo. Wimbi likirudi, chupa zinagongana, na sauti yake ni kama ya watu wengi wanaoosha vyombo nyumba ya pili.

Huko ndiko tulikowaona kaa wa ajabu, ambao kwa sura ni kama kofia ya chuma yenye mkia wa mshale. Si kaa kweli. Wataalamu wanasema ni ndugu wa buibui na nge kuliko wa kaa, na kwamba jamii yao ilikuwapo duniani kabla ya madinosaria. Damu yao ni ya buluu, nayo hutumiwa kupima kama dawa za sindano zimeingiwa na sumu za bakteria. Mwezi Mei na Juni, mwezi unapokuwa mpevu au mchanga na maji yamejaa, hupanda ufukoni kutaga. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kuwa mpevu. Walikuwa wengi, na baadhi yao wamepinduliwa na mawimbi, miguu juu, ikichezacheza hewani. Mpwa wangu alikuwa amefundishwa shuleni kwamba usimshike mkia. Akawa anamwinamia mmoja mmoja, anamshika ubavuni mwa gamba, anamgeuza, anangoja aanze kutambaa, ndipo anakwenda kwa mwingine. Alifanya hivyo hadi giza likaingia. Nilikuwa nimechoka, mbu wananila, lakini sikuthubutu kumwita.

Tuliporudi kambini tuliwasha moto. Ndege zilikuwa zikishuka kwenda uwanja wa Kennedy, ng’ambo ya ghuba, moja baada ya nyingine, taa zake zikiwaka juu ya misonobari. Nyota zilikuwa chache, maana jiji huzimeza. Majirani zetu wa upande mwingine, familia kubwa ya Kibangladeshi, walituletea sahani ya wali. Kisha wakalala. Kambi yote ikanyamaza, ukabaki mvumo wa magari darajani.

Nilijua kwamba kesho yake, Jumapili, Wamarekani wanaadhimisha Siku ya Akina Baba. Dada alinidokezea asubuhi wakati wa kuondoka. Mtoto hakuitaja. Alikuwa anachochea makaa kwa kijiti. Kisha akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, ambacho tangu nifike alikuwa amekataa kukizungumza:

“Mjomba, siku ile ya Baba, wewe ulilala wapi?”

Nikamwambia nililala nje, chini ya turubai, pamoja na wanaume wengine, maana ndiyo desturi ya matanga: wanawake ndani, wanaume uani, moto hauzimwi.

“Kama hivi?”

“Kama hivi.”

Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, na hapa akarudi kwenye Kiingereza kwa sababu maneno yalikuwa mazito kuliko Kiswahili chake, kwamba siku ile mama yake alikuwa amekaa na simu sikioni, akisikiliza maziko kwa mbali, na yeye akaomba apewe naye asikilize. Mama akamnyima. Baadaye alimwuliza sababu, mama akamjibu: mjomba wako ndiye aliyesema usisikilize.

Wasomaji wangu, ilikuwa kweli. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi, nimeshika simu ya mkononi juu ili dada asikie, na alipouliza kama amwite mtoto, nilimjibu kwa ukali: la, mtoto asisikie vilio, ana miaka kumi na moja, ataharibikiwa. Nilidhani ni hekima. Yamkini nilikuwa nimechoka tu na safari, na sikutaka kuwajibika kwa machozi mengine zaidi ya yale yaliyonizunguka. Kisha nikasahau, kama wakubwa tunavyosahau. Yeye alilibeba neno hilo miaka miwili na miezi minne, na siku nilipofika nyumbani kwao na zawadi zangu alinipa mkono kwa adabu, akaingia chumbani mwake. Nami nilimwambia dada kwamba mtoto amekuwa Mmarekani, hana mazungumzo.

Kwetu mtu mzima haombi radhi kwa mtoto kirahisi. Atampa ndizi, atampa fedha ya soda, atamwita “mjomba” kwa sauti ya upole na kumwacha akisie. Nilifikiri kufanya hivyo. Mkono ulikwenda hata kwenye mfuko wa karanga. Lakini palikuwa na moto tu kati yetu, na alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja basi ambalo tayari limechelewa sana.

Nikamwambia, “Mjomba, nilikosa. Ile sauti ilikuwa haki yako, nami nilikunyima. Naomba unisamehe.”

Hakusema amenisamehe. Alisema, “Basi niambie.”

Nikamwambia. Nilianza uwanja wa ndege, na karatasi nilizotia sahihi, na gari la mizigo tulilokodi. Nikamweleza barabara ya vumbi kutoka Muheza, tulivyosimama mara mbili kwa sababu ya pancha. Nikamtajia waliotupokea, na jinsi wavuvi walivyoacha kwenda baharini siku mbili. Akataka kujua nani walichimba. Nikamtajia mmoja mmoja, na undugu wao kwake: huyu ni baba yako mdogo, huyu mtoto wa shangazi ya baba yako. Akataka kujua kama mvua ilinyesha. Ilinyesha kidogo, alfajiri, turubai likajaa maji katikati na mzee mmoja akalisukuma kwa mpini wa jembe, maji yote yakamwangukia mpishi. Watu walicheka msibani, nikamwambia, na si vibaya. Hapo naye akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu nifike, kisha ghafla kikawa kilio, na alilia kwa muda mrefu akiwa ameegemea bega langu, na ndege zinapita. Mimi pia nililia. Mzee wa Kichina alifungua zipu ya hema lake, akachungulia, akaifunga tena taratibu.

Tulikaa hadi saa tisa usiku. Aliniuliza ukubwa wa jeneza. Aliniuliza kama kaburi linaona bahari. Halionani nayo, nikamwambia, minazi imeziba, lakini upepo ukigeuka unaisikia. Aliniuliza mambo ambayo watu wazima hawakuwahi kuyauliza, kwa mfano viatu vyake vilikwenda wapi. Kwa bahati nilikuwa najua: vilikwenda kwa mdogo wake, na bado anavivaa.

Asubuhi hatukuvua samaki. Tulipitiwa na usingizi hadi jua likalifanya hema kuwa tanuri. Dada alikuja na basi la saa nne, amebeba chapati na chupa ya chai, akasimama mbele ya hema letu lililopinda, akatutazama nyuso zetu, akauliza kulikoni. Mwanawe akamjibu kwa Kiswahili: “Tulikuwa matangani.” Dada aliweka chupa chini. Alijikunja akaingia ndani ya hema, yeye aliyecheka habari ya kulala nje, akakaa humo na mwanawe karibu saa nzima, na mimi nikaenda kutembea kwenye njia za ndege.

Miaka ikapita. Novemba 2023 serikali ya jiji ilisimamisha mahema makubwa katika uwanja uleule, kwa ajili ya familia za wahamiaji waliokuwa wakiomba hifadhi nchini humo. Tarehe 9 Januari 2024 dhoruba ilikaribia, na watu karibu 2,000 wakapakiwa kwenye mabasi usiku kwenda kulazwa katika shule moja ya sekondari, kisha wakarudishwa kabla ya mapambazuko. Wanafunzi wa shule hiyo walisomea nyumbani siku iliyofuata, na wazazi wengi wakakasirika. Usiku huo mpwa wangu, kijana mkubwa sasa, alinitumia maneno matatu: “Mjomba, palepale petu.” Siku iliyofuata akaongeza kwamba alikuwa ameona katika taarifa ya habari mtoto amebebwa mgongoni, amefunikwa blanketi uso mzima asipate baridi, na kwamba anaelewa kwa nini walimfunika lakini anadhani mtoto yule angependa kuona wanakokwenda. Mahema hayo yalifungwa Januari 2025.

Sasa ule ujumbe wa Jumanne. Hati zao zimekamilika. Miaka yote hiyo, wasomaji wangu, na zimekamilika kwa barua ya ukurasa mmoja. Dada na mwanawe watakuja Desemba, na watakwenda moja kwa moja Pangani. Nyumba ya bibi yake ni ndogo, na ndugu watakaofika kuwaona ni wengi, kwa hiyo kijana ameniuliza kama alete hema. Jirani yule wa Trinidad alipohama aliwaachia. Anataka alisimamishe uani, alale nje usiku wa kwanza, na ameniuliza kama nitalala naye au umri umekwisha kunikatalia.

Nimemjibu alilete. Ameniarifu kwamba vigingi viwili vimepotea, naye hajui kama vinapatikana huku. Jana nilipita kwa fundi wa vyuma nikamchorea kwenye karatasi. Ameniuliza vya nini, nikamwambia vya turubai. Akanipa pole.